Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza ramani ya matetemeko na mipasuko ya eneo lako

Ramani za matetemeko ninazotumiwa na wasomaji zinakosewa palepale kila siku. Mtu anadaunlodi orodha ya matetemeko, anaweka vidoti kwenye ramani, alafu anachukua rula anaunganisha vidoti na kusema mpasuko umepita hapa. Wengine wanakwama hata kabla ya hapo, vidoti vya Rukwa vinaangukia Sudan Kusini na hawajui kwa nini.

Tatizo ni kwamba ramani ya namna hiyo inaaminika. Mtu ataiona, atakataa kiwanja kizuri, au vibaya zaidi atajenga shule chini ya ukingo kwa sababu eti hapakuwa na kidoti. Kwa hiyo hapa tunafanya kazi kwa mpangilio, vidoti kwanza, sura ya nchi ya pili, miamba ya tatu, na kuunganisha kunakuja mwisho kabisa.

Mfano wangu ni eneo la Sumbawanga, Ziwa Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika, maana pale kila kitu kipo: tetemeko kubwa la tarehe 13 Desemba 1910 lenye ukubwa wa 7.4, lile la tarehe 5 Desemba 2005 la 6.8 upande wa Kalemie kule Kongo lililosikika mpaka Nairobi, na mipasuko inayoonekana wazi kwa satelaiti. Wewe weka eneo lako, iwe Kigoma, Bukoba, Dodoma, Nakuru, Fort Portal au Bukavu, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Google Earth Pro, ni ya bure. Simu itakusaidia kuangalia tu, kupima na kuchora kwa simu ni mateso.
- Programu ya majedwali: Excel, LibreOffice au Google Sheets.
- QGIS, programu ya kutengeneza ramani, nayo ya bure, kwa ajili ya hatua ya 5. Ukiikosa bado utapata kitu ila macho yako yatakuwa nusu.
- Bando la kutosha au WiFi, maana picha za satelaiti na faili la miinuko vinakula.
- Ramani ya jiolojia ya eneo lako. Tanzania hizi zinatoka kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) pale Dodoma, ziko kwa vipande ambavyo wenyewe wanaviita QDS. Uganda utazipata kwa idara ya jiolojia Entebbe.
- Daftari. Kila uamuzi unaofanya uandike na sababu yake, usipofanya hivo baada ya wiki mbili hutakumbuka mstari huu ulichora kwa nini.

## Hatua ya 1: Chora boksi la eneo lako

Usianze na mpaka wa wilaya. Tetemeko halijui wilaya, na nyumba yako inaweza kutikiswa na mpasuko ulio kilomita 150 upande wa pili wa ziwa. Chukua mji wako uweke katikati alafu tanua kama digrii 2 kila upande. Digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111, kwa hiyo hapo una zaidi ya kilomita 200 kila upande.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba za kusini mwa ikweta zinaanza na alama ya kutoa. Sumbawanga ni karibu -7.97 na 31.62. Ukisahau ile alama, unaandika 7.97, umeshatoka Tanzania uko Sudan Kusini. Bukoba ni -1.33 na 31.81, Dodoma -6.17 na 35.74, Kigoma -4.88 na 29.63, Nakuru -0.30 na 36.08. Namba ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo, ingawa baadhi ya programu zinataka longitudo kwanza, kwa hiyo soma kinachoombwa usijaze kwa mazoea.

Kwa mfano wetu natumia kaskazini -5.5, kusini -10, magharibi 29, mashariki 34.

Ukifaulu utaona nini: ukichora boksi kwenye Google Earth mji wako uko karibu na kati, na milima au maziwa yote makubwa ya jirani yamo ndani.

## Hatua ya 2: Chukua orodha ya matetemeko

Nenda kwenye ukurasa wa kutafuta matetemeko wa USGS, yani shirika la jiolojia la Marekani, wanarekodi dunia nzima na data yao ni ya bure. Jaza hivi:

Ukubwa: weka wako mwenyewe kuanzia 0, usiache ile 2.5 au 4.5 iliyowekwa tayari. Tarehe: anza 1900 mpaka leo, maana ukiiacha ilivyo utapewa siku chache tu zilizopita, na huyo msomaji anayeniambia "kwetu hakuna tetemeko hata moja" mara nyingi ameacha hapo. Eneo: fungua sehemu ya ziada ujaze zile namba nne za boksi. Aina ya faili: chukua mara mbili, mara ya kwanza CSV kwa ajili ya jedwali, mara ya pili KML kwa ajili ya Google Earth.

Kwa nini faili mbili? KML inaonekana vizuri lakini inakuficha makosa ya vipimo, CSV ina kolamu zote, na bila hizo kolamu huwezi kujua kidoti gani cha kuamini.

Tahadhari moja kubwa. Orodha hii haina kila tetemeko. Mashine za kupima huku kwetu ni chache na zamani zilikuwa chache zaidi, kwa hiyo matetemeko ya 3 na kitu ya mwaka 1960 karibu yote hayakurekodiwa. Ukiona vidoti vingi miaka ya karibuni usiseme ardhi imeanza kuchachamaa, mashine zimeongezeka. Kulinganisha zamani na sasa tumia yale makubwa tu.

Ukifaulu: kwenye mfano wetu lazima uone tetemeko la 5 Desemba 2005 la 6.8 na lile la 1910. Yasipoonekana rudi kwenye tarehe na ile alama ya kutoa, kosa liko hapo.

## Hatua ya 3: Safisha orodha kabla hujaiamini

Fungua CSV. Kama kompyuta yako ina setingi za Kifaransa, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wengi wako hivo, Excel inasubiri koma pahali pa nukta, kwa hiyo 29.83 itasomeka kama maneno au itageuzwa kuwa tarehe. Badilisha setingi za namba kwanza, usihangaike kusahihisha moja moja.

Alafu pitia kolamu hizi.

Saa. Imeandikwa kwa UTC, yani saa ya kimataifa. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda njia ya haraka ni kutoa 3 unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja: tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 limeandikwa 12:27, toa 3, saa 9 na dakika 27 alasiri. Ikizidi 12 toa tena 12, ikitoka sifuri au chini yake ongeza 12. Na angalia tarehe, tetemeko la Msumbiji la mwaka 2006, lile la 7.0, kwenye orodha ni tarehe 22 Februari saa 22:19 lakini kwa watu wa pale ilikuwa tayari tarehe 23 usiku. Chochote kilichoandikwa kuanzia saa 21:00 UTC kwetu ni siku inayofuata, na ndio maana watu wanatafuta tetemeko walilolisikia kwa mwili wao wanalikosa kwenye orodha.

Kina. Ukiona matetemeko mengi yote yana kina cha 10 kamili, usije ukasema eneo lako linavunjika kwenye kilomita 10. Wataalamu wanapokosa data ya kutosha wanaweka namba ya kudumu, kawaida 10, na kwenye rekodi za zamani utakuta 33. Pembeni panaweza kuwa pameandikwa kosa dogo la kina, usidanganyike nalo. Hizo namba zipake rangi ya kijivu kwenye jedwali, maana yake kina hakijulikani. Hili ni la muhimu kwetu kuliko sehemu nyingi kwa sababu Bonde la Ufa la magharibi linatetemeka mpaka kilomita 30 na 40 kwenda chini, kwa hiyo kati ya 10 ya kweli na 10 ya kuwekewa kuna tofauti kubwa ya maana.

Kosa la mahali. Kolamu inaitwa horizontalError, iko kwa kilomita. Ikiandikwa 8, maana yake kitovu kinaweza kuwa kilomita 8 upande wowote. Kwenye rekodi za zamani iko tupu, na tupu haimaanishi sifuri, inamaanisha chukulia makumi ya kilomita. Lile la 1910 ndilo la kuangalia zaidi, usichore chochote kwa kutegemea pahali kidoti chake kilipokaa.

Aina ya ukubwa. Utaona mb, ml, mww na nyinginezo. Hazilingani sawasawa. Zinazoanza na mw ndizo za kuaminika kwa matetemeko makubwa. Na kumbuka namba hizi hazipandi kama ngazi za kawaida, kuongezeka kwa 1 ni nishati kama mara 32. Kati ya Kagera 5.9 na Kalemie 6.8 nishati imezidi kama mara 22.

Aina ya tukio. Ikiwa ni mlipuko wa mgodi au machimbo, ondoa.

Ukifaulu: una jedwali lenye makundi mawili, yale ambayo mahali na kina vinaaminika kiasi, na yale ya kijivu. Kundi la kijivu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Ni sawa, acha hivohivo.

## Hatua ya 4: Weka vidoti kwenye Google Earth

Fungua ile KML, vidoti vinajipanga vyenyewe. Ukiweza chagua rangi kufuatana na kina wakati wa kudaunlodi.

Baada ya hapo chukua matetemeko matano au kumi makubwa zaidi, na kila moja lizungushie duara lenye nusu kipenyo sawa na kosa lake la mahali. Kwenye Google Earth Pro fungua rula, kuna sehemu ya duara, chora, hifadhi. Ni kazi ya kuchosha kidogo lakini ndiyo inayowaokoa watu na ule ugonjwa wa kuunganisha vidoti, maana ukishaona maduara yanalaliana na yamefunika bonde zima pamoja na milima ya pande zote mbili, unaelewa mwenyewe kwamba kidoti peke yake hakikwambii mpasuko uko upande gani wa barabara.

Ukishaelewa hilo zima vidoti. Kweli, ondoa tiki visionekane kabisa. Hatua inayofuata inatakiwa ufanye bila kuviona, ukiviona macho yatatafuta mistari ya kuvifurahisha.

## Hatua ya 5: Tafuta mipasuko kwenye sura ya nchi

Hii ndiyo hatua yenyewe, tenga siku nzima.

Mpasuko, au folti kama wanavyosema watu wa jiolojia, ni mahali miamba imekatika na upande mmoja umeteleza. Huku kwetu bara linavutwa kwenda mashariki na magharibi, milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mipasuko mingi ni ya aina ya upande mmoja kushuka na mwingine kubaki juu au kuinuka. Ukirudia hilo tetemeko baada ya tetemeko kwa mamilioni ya miaka unapata ukingo kama ule wa Manyara, wa Natron, au wa Ufipa unaoshuka kwenda bonde la Rukwa kule Muze. Kinachotafutwa ni dalili za huko kushuka.

### Tengeneza picha ya vivuli

Daunlodi data ya miinuko ya mita 30 (ile inayoitwa SRTM inatosha, tovuti ya OpenTopography wanaitoa bure ukijisajili). Ifungue QGIS, nenda kwenye zana ya vivuli vya milima (Hillshade).

Kuna setingi mbili zinazoharibu kazi ya watu. Ya kwanza ni skeli: kama data iko kwa digrii, kipimo cha wima kwa mlalo weka 111120. Ukiacha 1 picha inatoka nyeusi na nyeupe kali haieleweki.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu picha inatoka nzuri tu. Mwanga umewekwa tayari utoke digrii 315, yani kaskazini magharibi. Sasa mipasuko ya Rukwa inaelekea kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, kwa hiyo mwanga unapita sambamba nayo, hakuna kivuli, mpasuko unafichika. Mtu anaangalia picha safi kabisa anaandika "hakuna kitu". Kanuni ni kwamba mwanga ukate mpasuko: kwa Rukwa weka 45 na baadaye 225, kwa Natron au pwani za Ziwa Tanganyika ambako mipasuko mingi inaelekea kaskazini na kusini weka 90 na 270. Mimi nakushauri tengeneza picha nne, 45, 90, 225, 315, uziwashe na kuzima moja baada ya nyingine. Mstari wa kweli unaonekana kwenye zaidi ya picha moja.

### Dalili za kutafuta

Chora mstari pale tu unapopata angalau mbili za hizi kwa pamoja:

- Ukingo ulionyooka kwa kilomita nyingi unaokata milima na mabonde bila kujali. Mto nao unatengeneza kingo lakini kingo za mto zinapindapinda.
- Nyuso za pembetatu zilizopangana chini ya mlima, ncha juu, kitako chini, zimetokana na mlima kukatwa na mpasuko alafu vijito vikachonga katikati.
- Mito midogo mingi inayobadilika tabia kwenye mstari mmoja: juu imechimba korongo jembamba, ikivuka mstari inamwaga mchanga kwa umbo la feni.
- Vinamasi au madimbwi yaliyojipanga chini ya ukingo kwa sababu maji yamezuiwa.
- Chemchemi za maji moto zilizojipanga. Maji yanahitaji njia ya kupandia na miamba iliyovunjika ndiyo njia.

Jizoeze pale ambapo jibu linajulikana. Ruka hadi Sumbawanga kwenye Google Earth, kuza miinuko mpaka 3 kwenye setingi, alafu tafuta mpasuko wa Kanda kwenye uwanda wa juu wa Ufipa karibu na mji. Ni mstari mrefu wa kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, na wataalamu wengine wanauhusisha na lile tetemeko la 1910. Ukishaushika huo kwa macho hutapata shida tena na mingine. Alafu linganisha na ukingo mkubwa wa Lupa upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa Rukwa.

### Pima kwa kukata

Kwenye Google Earth chora njia inayokata mstari wako kwa pembe ya mraba, kilomita 2 au 3, bofya kulia uombe picha ya mwinuko. Fanya hivyo sehemu tano tofauti kwenye mstari uleule. Ukiona ngazi inajirudia, upande uleule ndio ulioshuka kila mara, hapo una kitu. Ngazi ikiwa inageuka upande au inapotea kabisa kati yake, shusha imani yako.

Usitegemee kuona ngazi ya mita 2 kwa data hii. Kipimo ni cha mita 30 kwa mlalo na makosa ya mita kadhaa kwa wima, kwa hiyo kutokuona hakumaanishi hakuna.

### Vinavyofanana na mpasuko na sio

Barabara za zamani, njia za umeme, mipaka ya mashamba na hifadhi, hivi vinajulikana ukikuza picha. Kigumu ni miamba ya zamani. Ukanda wa Ubende unaopita Rukwa na Mpanda una miamba yenye umri wa kama miaka bilioni 2 na mistari yake nayo inaelekea kaskazini magharibi, palepale inapoelekea mipasuko ya sasa, kwa sababu Bonde la Ufa lilifuata udhaifu wa zamani. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye mwamba mkongwe unaweza kuwa umelala tangu enzi hizo. Cha kuutofautisha ni udongo wa juu uliowekwa karibuni: mpasuko ulio hai unakata hata mchanga na feni za juzijuzi, uliolala umefunikwa nao.

Ukifaulu: una mistari michache, na kila mstari una maandishi ya dalili zipi umeona na wapi. Ukiwa na mistari hamsini umechora vijito, rudia.

## Hatua ya 6: Linganisha na ramani ya miamba

Sasa leta ramani ya jiolojia uilaze juu ya Google Earth, nyoosha kona kwa kona. Angalia mistari yako ipi imo. Mstari usiokatika kwenye ramani hizi maana yake mwanajiolojia aliuona, uliokatikakatika amekisia. Watu wengi wananakili vyote sawa, usifanye hivo.

Pia taasisi ya GEM inayoshughulika na hatari za matetemeko wana ramani ya bure ya mipasuko hai ya dunia nzima, ipakue uilaze juu ya kazi yako. Kwa Afrika bado ina mapengo kwa hiyo mpasuko wako kutokuwepo mle sio hukumu.

## Hatua ya 7: Washa vidoti, toa uamuzi

Rudisha vidoti na maduara yake. Kila mstari upe daraja:

A: sura ya nchi inaonyesha, ramani ya miamba inaukubali, na unakata mchanga wa karibuni.
B: sura ya nchi inaonyesha lakini ushahidi mwingine haujakamilika.
C: umekisia.

Umeona kwamba vidoti havimo kwenye masharti ya A. Ni makusudi. Mpasuko mkubwa unaweza kukaa kimya maelfu ya miaka alafu ukaamka, na orodha yetu nzima ina miaka kama 120. Kukosa kidoti hakuufanyi salama.

Na upande wa pili, tetemeko linaweza kutokea bila mpasuko wowote unaoonekana juu. Kagera 2016 ni mfano mzuri, kina chake kilikuwa kama kilomita 40, ukilitafutia ufa juu ya ardhi utahangaika bure, lakini watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Linganisha na Subukia kule Kenya, tarehe 6 Januari 1928, ukubwa wa 6.9, ardhi ilipasuka kilomita kadhaa kwenye mstari wa Laikipia na Marmanet, na Karonga kule Malawi Desemba 2009 ambako matetemeko yasiyozidi 6.0 yalipasua mpaka juu kwa sababu yalikuwa ya karibu na uso. Kina ndicho kinachoamua, na ndio maana tulihangaika na zile 10 za kuwekewa.

Ramani hii haitabiri tetemeko lijalo litakuja lini. Mtu akiitumia hivo mkatalie.

## Hatua ya 8: Nenda ukaone kwa macho

Pita kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji umweleze, mtu anayetembea na ramani akipima ardhi ya watu anazua hofu ya kunyang'anywa mashamba. Usiende kipindi cha mvua kubwa, kingo hizi zinaporomoka.

Tafuta sehemu barabara ilipokata ukingo, au korongo, au shimo la kokoto. Unachotaka kuona ni tabaka za udongo zilizokatika ghafla na kuendelea zikiwa chini au juu zaidi upande wa pili. Piga picha ukiweka jembe au mtu kwa ajili ya kipimo. Waulize wazee nyumba zipi zilipasuka kwenye tetemeko lipi, na maji ya chemchemi yalibadilika au la.

Kuwa makini na nyufa za juu. Machi 2018 kule Mai Mahiu, Kenya, barabara ya kwenda Narok ilikatwa na korongo kubwa baada ya mvua, picha zikazunguka dunia nzima kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji yamechimba majivu laini ya volkano. Jipime hivi: ufa umetokea baada ya mvua? Kingo zake mbili ziko usawa mmoja? Maji yameingia na kutoka humo? Ukijibu ndio kwa yote, ni maji. Na udongo mweusi wa mbuga unapasuka kila kiangazi, huo haukuhusu kabisa.

## Hatua ya 9: Tia udongo laini kwenye ramani

Watu wakishapata mistari wanaona wamemaliza, kumbe kwa mwenye nyumba hii ndiyo inayogusa mfuko. Paka rangi maeneo yote ya mchanga wa ziwa, mbuga, kingo za mito na feni za chini ya milima. Udongo laini uliojaa maji unakuza mtikisiko, nyumba iliyo kilomita 40 kutoka kwenye kitovu juu ya tope inaweza kuumia kuliko iliyo kilomita 20 juu ya mwamba.

Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu kiwanja jibu kwa mpangilio huu. Kiko juu kabisa ya mstari wa A? Sogea, hakuna msingi unaohimili ardhi kuachana. Kiko chini ya ukingo mkali? Hatari ni mawe na maporomoko hata kama mpasuko haujacheza. Kiko kwenye udongo laini? Jenga, lakini msingi uwe wa maana, lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, nondo zifungwe vizuri kwenye kona, na umwone mhandisi wa majengo mwenye leseni, ramani yako haichukui nafasi yake.

## Kabla hujamtumia mtu yeyote

Andika kwenye kona ya ramani yenyewe, sio kwenye maelezo ya pembeni yanayopotea ikisambazwa WhatsApp: orodha ya matetemeko umeitoa wapi na tarehe gani, boksi lako, maana ya A, B na C, na kwamba maduara ni makosa ya mahali. Mistari ya C ichore kwa vidoti vidogo vya kijivu, ikiwezekana iache nje kabisa.

Na siku ardhi ikitikisika kwenu, ukishatoka salama, jaza fomu ya USGS ya waliosikia tetemeko au ile ya app ya LastQuake, uandike ulipo na ulichoona kweli, vyombo vimeanguka, ukuta umepasuka, au taa imeyumba tu. Mashine ni chache huku, kwa hiyo ripoti za watu kutoka Namanyere au Kalemie ndizo zinazoonyesha mtikisiko ulifika wapi, na ile kolamu ya kosa la mahali hutaisoma tena kama namba ya watu wa mbali.